Bahasha ya Bangkok

Kila nilipokwenda kumwamkia mama, kabla sijaketi, aliniuliza: "Yule mwenzangu wa Siamu umeshampelekea picha yake?" Nami nilimjibu jibu lile lile: "Inshallah, mama. Wiki hii." Aliniuliza hivyo kuanzia mwaka 2000 mpaka alipotutoka mwaka 2022. Hakuwahi kukutana na huyo mwenzake. Alimjua kwa picha tu, na picha yenyewe ilitokana na siku moja ya transiti Bangkok, siku niliyopewa na ratiba ya ndege bila kuiomba, nikiwa na miaka 26.

Nilikuwa natoka Unguja nakwenda Osaka kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya kutengeneza pampu za maji. Tiketi ilinipitisha Dar es Salaam, Dubai na Bangkok. Ndege ya Dubai ilitua alfajiri. Ya Osaka ilikuwa iondoke usiku wa manane. Viza ya kupita niligongewa kwenye ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, na pasipoti ilikaa huko mpaka nikakata tamaa ya safari. Wenzangu kazini walinishauri nisitoke uwanjani: nilale kwenye viti, nilinde mkoba wangu. Nilikuwa na dola 60 mfukoni, kamera ya kaka yangu niliyoiazima, yenye mkanda wa picha 36, na daftari la mistari. Simu sikuwa nayo, wala ramani. Nikatoka.

Wakati ule uwanja mkuu ulikuwa Don Mueang, kiwanja cha zamani ambacho ndege zilianza kukitumia mwaka 1914. Baina ya njia zake mbili za kurukia kuna uwanja wa gofu, na watu huucheza mchezo wao huku ndege zikinguruma kulia na kushoto. Ukitoka nje na kuvuka barabara kuu kwa daraja la waenda kwa miguu, unaikuta stesheni ya reli. Nilimwonyesha askari jina "Hua Lamphong" nililolinakili kutoka kwenye bango, akanishika mkono mpaka dirisha la tiketi. Daraja la tatu, kilomita 22 mpaka mjini, baht 5. Dola moja ilikuwa karibu baht 40.

Madirisha ya treni yalikuwa wazi na watu waliuza wali ndani ya mifuko midogo. Njia nzima tulifuatana na nguzo kubwa za zege zilizosimama bila kubeba kitu chochote, nyingine zimekwisha kuota majani. Kijana mwanafunzi aliyekaa mkabala wangu aliniona nikizitazama, akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ule ni mradi wa Hopewell: reli na barabara za juu, ulioanza mwaka 1990 na kufutwa mwaka 1998. Katikati hapo ndipo fedha yao ilipoanguka, tarehe 2 Julai 1997, serikali iliposhindwa kuishikilia tena baht. Baba yake alipoteza kazi mwaka ule. Aliniambia haya bila kujionea huruma, kisha akanimegea nusu ya wali wake. Nilikuwa sijakaa nchini mwao hata saa mbili.

Hua Lamphong ni stesheni iliyofunguliwa mwaka 1916, paa lake mfano wa pipa lililokatwa nusu kwa urefu, mbele ina vioo vya rangi. Saa mbili kamili asubuhi wimbo wa taifa ulipigwa kwenye vipaza sauti, na stesheni nzima ikasimama. Mama aliyekuwa anachota mchuzi alisimama na upawa hewani. Nami nikasimama, mkoba begani, kama tulivyosimama skuli bendera ikipanda. Wimbo ulipokwisha kila mtu aliendelea pale pale alipoachia. Mfalme Bhumibol nilimwona kwenye picha nyingi za ukutani siku ile, na katika baadhi yake kamera inaning'inia shingoni mwake. Alikuwa mpenzi wa kupiga picha, nao watu wake walipenda kumkumbuka hivyo.

Basi jekundu lisilo na kiyoyozi likanipeleka mtoni. Konda alikuwa mwanamke mwenye kopo refu la bati mkononi, ndani yake sarafu na mabunda ya tiketi, na alilifunua na kulifunika kwa mkono mmoja, kra, kra, kra. Huko kwetu konda wa daladala hugonga sarafu kiganjani. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana yake.

Nilivuka mto wa Chao Phraya kwa feri ndogo mpaka Wat Arun, hekalu ambalo mnara wake wa kati umefunikwa kwa vipande vya sahani na bakuli za Kichina, maelfu kwa maelfu, vimepangwa vikawa maua. Inaelezwa kwamba vyombo vile vilikuja kama uzito wa kutuliza majahazi. Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa ukuta, nikakumbuka Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ambako vyombo vya Kichina vilipachikwa kwenye makaburi ya wazee wetu. Bidhaa ile ile, bahari ile ile. Wao waliipambia nyumba ya ibada, sisi tukawapambia wafu wetu. Hapo nilipiga picha sita.

Nilikuwa nimepanga kwenda pia kwenye Kasri la Kifalme, lililoanzwa mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia mji mkuu ukingo wa mashariki wa mto. Nilifika mpaka langoni. Foleni ilikuwa ndefu na jua la Juni likipasua utosi. Nikaliacha, nikashika barabara kwa miguu mpaka Phan Fa, mahali boti za mfereji wa Saen Saep zinapoishia, nikazikuta zimejipanga kama daladala stendi.

Saen Saep ulianza kuchimbwa mwaka 1837, zama za Rama wa Tatu, ili askari na silaha zifike upande wa Kambodia kwa maji. Nilipoufikia mimi ulikuwa unabeba makarani na wanafunzi. Maji yake meusi, yananuka, na boti inakwenda mbio kiasi kwamba abiria wa pembeni ndio wanaovuta kamba ya turubai kulipandisha wakati boti nyingine inapopishana nasi, wasimwagikiwe. Utingo alitembea nje ya boti, juu ya ukingo mwembamba, kofia ngumu kichwani, akikusanya nauli huku mkono mmoja umeshika kamba. Nilimlipa na sikujua nakwenda wapi. Nilikusudia kupanda mpaka mwisho na kurudi.

Kisha nikasikia adhana.

Ilikuwa adhuhuri. Sauti ilitoka upande wa kushoto, baina ya nyumba za mbao zilizobanana ukingoni, ikapotea kwenye mngurumo wa injini, ikarudi. Nilisimama, na utingo alielewa. Gati iliyofuata, Hua Chang, alinipa mkono nikaruka. Nilirudi kwa miguu kwenye njia nyembamba ya ukingoni nikiifuata ile sauti hata baada ya kunyamaza.

Mtaa ule unaitwa Ban Krua. Wenyeji wake wengi ni Wacham, Waislamu ambao asili yao ni dola ya Champa, iliyokuwa pwani ya Vietnam ya leo. Masimulizi yao yanasema wazee wao walipigana upande wa Siamu, yaani Thailand ya leo, zama za Rama wa Kwanza na wakapewa ardhi hiyo kuwa shukrani. Walikuja na ufundi wa kufuma hariri. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mmarekani mmoja, Jim Thompson, alikuta mitambo yao ya mkono, akaipeleka hariri yao duniani, na mwaka 1959 akahamia kwenye nyumba yake ya miti ng'ambo ya mfereji ule ule. Mwaka 1967 alikwenda matembezini Malaysia, kwenye vilima vya Cameron, hakuonekana tena. Watalii wanajaa nyumbani kwake mpaka leo. Walio wengi hawavuki mfereji kwenda kuwaona waliofuma.

Nami sikuyajua hayo siku ile. Niliswali, nikatoka, nikawa natafuta viatu vyangu, na harufu ikanivuta: tui linaungua kidogo kwenye chuma cha moto. Nikasema moyoni, hivi ni vitumbua.

Alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, amekaa kibarazani mbele ya nyumba yake ya mbao. Mbele yake jiko la makaa na juu yake chuma chenye vishimo, sawasawa na chuma chetu cha vitumbua, ila kila kishimo kina kifuniko chake kidogo cha udongo. Wanaviita khanom khrok. Unga wa mchele, tui, sukari, chumvi kidogo, juu majani ya kitunguu. Vikiiva huvichokoa kwa kijiko na kuvikutanisha viwili viwili, uso kwa uso. Havina iliki. Nilikula vinane nikiwa nimesimama, na ulimi ukaungua.

Tui lilimwishia. Akainuka, akatoa chombo ndani, akakiweka sakafuni, akakikalia upande. Kibao kifupi cha miguu minne, mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno. Akavunja nazi, akaanza kukuna.

"Mbuzi!" nilisema kwa sauti, kama mtu aliyemwona ndugu yake sokoni.

Alinitazama. Nikakionyesha kile chombo, nikasema tena, mbuzi, mbuzi. Akatikisa kichwa, akapiga kibao kwa kiganja: "Kratai." Sikuelewa. Akaweka vidole viwili juu ya kichwa chake, akavichezesha. Sungura. Nikatazama vizuri: kweli, aliyekichonga alikipa masikio mawili marefu yaliyolala mgongoni, na mkia. Nami nikaweka vidole vyangu kichwani, lakini nikavikunja kwa nyuma, viwe pembe, nikalia kama mbuzi. Mama yule alicheka mpaka nazi ikamponyoka. Watu wawili wasioelewana neno hata moja, na wazee wao kila upande walikitazama chombo kile kile na kumwona mnyama.

Akaniashiria nijaribu. Nyumbani kwetu tulizaliwa wanaume watupu, mama hakuwa na binti wa kumkunia, kwa hiyo kazi ile naijua tangu nina miaka saba. Nilikaa juu ya sungura wake nikakuna nazi mbili, kwa mzunguko, bila kufikia kifuu, zikatoka nyeupe bila chembe ya kahawia. Majirani walitoka kuangalia. Mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka tisa hivi aliyerudi skuli na sare yake, alichuchumaa mbele yangu hakuondoka. Walianza kuniita "bang", na mtoto alinieleza kwa vidole kwamba maana yake ni kaka. Walileta shokishoki, walileta doriani. Walipoona nimelipasua doriani mwenyewe na kulila bila kuziba pua, swali lao likawa moja: wewe ni mtu wa wapi? Nikachora Afrika kwenye daftari, nikaweka nukta ndogo pembeni ya bahari.

Nilikaa pale mpaka baada ya alasiri. Kasri sikuliona, soko kubwa sikuliona, na treni ya juu iliyokuwa fahari ya mji, haijatimiza mwaka tangu izinduliwe tarehe 5 Desemba 1999, niliiona kwa mbali tu ikipita juu ya majumba. Siku hizi nikiwasikia vijana wanaoandaliwa ziara ya saa nane yenye vituo tisa, nawaonea huruma, na nasema bila kusita: mtu wa transiti achague kibaraza kimoja akae.

Kabla sijaondoka nilimpiga picha. Yuko juu ya sungura, nusu ya nazi mkononi, kichwa amekirudisha nyuma anacheka, kwa sababu nilikuwa nimemwekea tena zile pembe. Aliionyesha kamera kwa kidole, akajionyesha kifuani, akaufungua mkono: na mimi nitaipata? Nikasema ndiyo. Nikampa mtoto daftari, naye akaandika anwani kwa herufi za Kithai, taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, mistari minne. Mama yule akaitazama, akanitazama mimi, akasema "Inshallah." Nami nikamjibu, "Inshallah."

Wiki ya pili Osaka nilisafisha mkanda. Nilitoa nakala mbili za picha ile, moja yake, moja ya mama yangu. Nikanunua bahasha na stempu, nikaibandika kabisa. Kilichobaki ni anwani. Nilijaribu kuzinakili zile herufi kwenye karatasi ya pembeni, zikaonekana si zenyewe. Nikaogopa kukosea mkunjo mmoja na barua ipotee. Ningeweza kuichana ile karatasi ya daftari na kuigundisha juu ya bahasha kwa gundi. Ningeweza kumwomba Mthai yeyote pale mafunzoni, nao walikuwapo wawili. Ile karatasi niliichana tu, nikaiweka pamoja na bahasha ndani ya kitabu cha pampu ili niishughulikie Jumamosi. Kitabu kikarudi nami Unguja.

Mama aliipokea nakala yake kwa mikono miwili. Alikaa nayo muda mrefu uani, akaenda kuitoa mbuzi yake jikoni, akaiweka karibu na picha, akalinganisha. "Huyu ni mwenzangu," alisema. Tangu siku ile hakuwa na jina jingine. Kila mgeni wa kike aliyeingia alionyeshwa mwenzake wa Siamu, na mwisho wa maelezo alinigeukia: umeshampelekea?

Miaka ilikwenda. Nilioa, nikahamishwa Pemba, nikarudi. Mwaka 2011 nilitazama kwenye televisheni mafuriko yakiingia Bangkok, ndege zimesimama ndani ya maji Don Mueang, uwanja niliopita kwa miguu yangu, na nikasema lazima nitafute ile bahasha. Nikaitafuta siku mbili. Mwaka 2016 alifariki mfalme mwenye kamera, baada ya kutawala miaka 70, nikakumbuka tena, nikasema tena. Ni vibaya tulivyolizoea neno inshallah. Mwenye kulisema kwa haki hulisema akiwa amekwisha kusimama na kuvaa viatu. Mimi nililisemea kitini.

Mama alipofariki tulilifungua kasha lake. Picha ilikuwa juu kabisa, imezungushiwa kitambaa, na chini yake, ndani ya kitabu changu cha pampu nilichodhani kimepotea, ilikuwapo bahasha na ile karatasi ya daftari. Aliihifadhi miaka yote. Hakuniambia anayo, aliniuliza tu. Nadhani alitaka niitafute mwenyewe.

Juni 2024 kazi ilinipeleka Hanoi. Wakala wa tiketi alinipatia muunganisho wa saa mbili Bangkok. Nilimwomba anipe wa saa kumi na nne, akadhani nimechanganyikiwa.

Uwanja sasa ni Suvarnabhumi, uliofunguliwa tarehe 28 Septemba 2006 mahali palipoitwa Nong Ngu Hao, yaani bwawa la swila. Treni ya kwenda mjini, iliyoanza mwaka 2010, hupita juu kwa juu, ina baridi, na kwa chini ya nusu saa nilikuwa Phaya Thai kwa baht 45. Sikumuuliza mtu kitu wala mtu hakuniuliza. Simu ilinielekeza kila hatua. Behewa zima tuliinamia viganja vyetu. Zile nguzo za Hopewell, nimesoma, nyingi ziliondolewa, na reli mpya ya juu ya upande wa Don Mueang ikaanza kazi mwaka 2021. Treni za mbali zilihamishwa kutoka Hua Lamphong tarehe 19 Januari 2023, zikapelekwa kwenye stesheni kubwa mpya. Nayaandika haya kwa haki: watu wa Bangkok walizitaka treni hizo na walistahili kuzipata. Sikwenda kuililia stesheni.

Nilikwenda Ban Krua nikitetemeka, nimejiandaa kukuta jumba la ghorofa. Mtaa upo. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 wenyeji walipambana kwa miaka mingi na mpango wa tawi la barabara ya kulipia ambalo lingepita juu ya nyumba zao, na tawi hilo halikujengwa. Msikiti upo. Boti zinapita na turubai zao, utingo na kofia ngumu. Harufu ya mfereji ni ile ile.

Nilikaa barazani pa msikiti baada ya adhuhuri, nikamtolea salamu mzee aliyekuwa anafunga madirisha, nikampa ile karatasi ya daftari. Aliisoma, akainua mkono akamwita mwanamume aliyekuwa anatengeneza pikipiki njiani. Mtu mzima, ndevu fupi, grisi mpaka kwenye viwiko. Alijifuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji mistari minne. Kisha akaitumia simu yake kunisemea Kiingereza, na ile sauti ya mashine ikasema: huu ni mwandiko wangu.

Nikamtolea bahasha. Aliitazama picha, mdomo ukamcheza, akajigeuza upande wa mfereji.

Bibi yake alifariki mwaka 2011, kabla mafuriko hayajaja. Nilihesabu pale pale: miaka kumi na moja alikuwapo. Mjukuu alinieleza, kwa zamu, yeye akisema na simu ikifasiri, kwamba mwaka ule wa kwanza bibi alikuwa akimuuliza mtu wa posta kila anapopita. Alimuuliza na yeye pia, mtoto, kama aliandika anwani vizuri. Mtoto aliapa kwamba aliandika vizuri. Baadaye alianza kujishuku, akafikiri pengine alikosea nambari ya nyumba, na bibi hakupata picha kwa sababu yake.

Hilo ndilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimekwenda na deni la mama mmoja. Sikujua kwamba nilimwachia mtoto wa miaka tisa hatia isiyo yake, akakua nayo. Nilimwambia kwa maneno mafupi ili mashine isikosee: uliandika vizuri, mimi sikuituma. Nilisema mara mbili. Alisikiliza mara zote mbili, akaweka mkono wenye grisi juu ya bega langu, hakusema kitu.

Nyumbani kwao, kibaraza kipo lakini jiko halipo. Mkewe hununua nazi iliyokunwa na mashine sokoni. Sungura walimuuza kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Wanatakiwa sana mahotelini, kwa mapambo. Nilimwambia mbuzi ya mama yangu ninayo, ipo nyuma ya mlango wa stoo, na kwangu nako tui linatoka kwenye boksi. Alinionyesha picha walizonazo za bibi yake: ya kitambulisho, na moja ya harusi, amesimama nyuma ya watu. Hawakuwa na hata moja akiwa anacheka.

Aliipiga picha yangu kwa simu akawatumia dada zake. Mmoja yuko Malaysia. Kabla sijamaliza chai alikwisha kujibu, na simu ikaanza kulia, akataka kuniona usoni. Alizungumza haraka haraka, analia na kucheka, na sikuhitaji kufasiriwa. Akaweka vidole viwili kichwani. Nami nikaweka vyangu.

Nakala ya mama nimebaki nayo. Ya mwenzake sasa iko ukutani Ban Krua, juu ya kalenda ya Hijria, ukiingia mkono wa kulia. Msomaji wangu, kama una picha ya mtu ndani ya kitabu au ndani ya simu yako, naye aliiomba, mtumie leo, wakati bado anaweza kuipokea kwa mkono wake. Bahasha nayo niliiacha kule, mjukuu aliitaka. Ina stempu ya Japani ya mwaka 2000, safi, haijagongwa muhuri.